Raha ya kukaa karibu na mlima ni kwamba unaweza kuahirisha

Ukimuuliza mtu kwa nini anatamani kuhamia sehemu yenye milima, jibu la kwanza huwa mandhari, eti anataka akifungua dirisha asubuhi aone kilele kimejaa theluji. Sawa, sibishi, pazuri kweli. Ila mandhari ndo kitu cha kwanza kuzoeleka, nawaambia. Mwezi wa kwanza unapiga picha kila siku, ukifika mwezi wa tatu unafungua dirisha kuangalia gari limefunikwa kiasi gani na kama barabara imeshasafishwa, mlima wenyewe wala huutazami. Kama raha ingekuwa ni hiyo tu basi wenyeji wa milimani wangekuwa wameshahama zamani, picha nzuri si zipo kibao kwenye simu.

Mimi naona raha kubwa iko sehemu nyingine kabisa na watu hawaisemi sana maana haipigiki picha. Mtu anayekaa jirani na mlima anaweza kuahirisha. Anaamka, anachungulia nje, anaona upepo unapeperusha theluji huko juu kwenye ukingo, anasema leo hapana, anarudi kulala, na hajapoteza chochote. Kesho mlima upo. Jumamosi ijayo upo. Hata akishafika nusu ya njia akahisi miguu mizito au mawingu yameanza kushuka, anageuka na saa moja baadae yuko nyumbani anavua buti.

Sasa mlinganishe na mgeni. Huyu ameomba likizo tangu mwezi wa tisa, amelipia ndege, amelipia hoteli, amekodi skii (zile mbao ndefu za kufunga miguuni kuteleza juu ya theluji), na pengine ameshatangaza kwa kila mtu ofisini kwamba anaenda kwenye theluji. Ana siku sita. Siku mbili za mwanzo anajifunza kusimama bila kuanguka, ya tatu mwili wote unauma, ya nne ndo dhoruba inaingia. Unadhani atakaa ndani? Hakai, atatoka tu, kwa sababu hela imeshalipwa na siku zinaisha. Hapo ndo watu wanapotea kwenye ukungu, wanavunjika magoti jioni wakati miguu imeshachoka, wanapita chini ya kamba zilizowekwa kufunga njia. Wengi wao wala hawana kiburi, ni ratiba tu inawasukuma.

Wanorway wana kanuni zao za mlimani, zilianza 1952 na zikapata nguvu baada ya Pasaka ya 1967 ambapo watu kadhaa walikufa milimani kwenye hali mbaya ya hewa. Moja ya kanuni hizo inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Mi huwa nafikiria sana kwa nini waliona ni lazima waiandike hiyo habari ya aibu. Si kwa sababu aibu ipo? Mtu anaona aibu kurudi bila kufika, hasa akiwa na wenzake, hasa akiwa ametoka mbali. Mwenyeji naye ana aibu zake lakini hii inampungukia haraka, maana kurudi kwake ni jambo la kawaida tu, amesharudi mara nyingi na hakuna hata aliyemuuliza.

Haya, tuje kwenye siku za kawaida, maana maisha ni Jumanne na Jumatano, siyo likizo. Chukua Oslo. Kuna treni ya mjini, laini namba 1, inapanda mpaka kituo cha Frognerseteren huko juu msituni, na wakati wa baridi humo ndani unakuta watu wamebeba skii, watoto wamekumbatia sleji (kile kiti cha kukalia na kuteleza kwenye theluji), mwingine kavaa nguo za ofisini na begi la laptop begani. Kutoka pale juu kuna njia ya sleji inaitwa Korketrekkeren, ndefu kama kilomita mbili, ina kona za kutosha, unateremka mpaka kituo cha Midtstuen, unabeba sleji yako, unapanda treni ileile kurudi juu, unateremka tena. Na usiku taa zinawashwa. Huko Desemba giza linaingia mapema mno, hata saa kumi jioni bado hujaifikia, kwahiyo bila taa mtu wa kazini asingeona theluji mpaka wikiendi. Na taa zikiwepo anateremka mara mbili tatu, uso umeganda, pua inatiririka, anarudi kupika. Hakuna alichopanga. Hakuna begi alilofungasha.

Au Innsbruck, Austria. Mji wenyewe uko kama mita 570 hivi kutoka usawa wa bahari, halafu katikati ya mji, kabisa katikati, kuna treni fupi ya kupanda mlima, ukishuka hapo unaunganisha na magari ya waya yale yanayoning'inia, na ndani ya nusu saa uko Hafelekar juu ya mita 2,200. Kuna watu wanafanya hivyo saa ya chakula cha mchana jamani. Unaweza kusema ni anasa, ila kwa mtu wa pale ni usafiri tu. Na kitu kikishakuwa usafiri tu unaacha kukidai miujiza kila ukikitumia, ukipata dakika arobaini nzuri zinatosha, usipopata basi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa tambarare haliamini mpaka alione mwenyewe. Kwa kawaida ukipanda juu joto linashuka, wastani ni kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hii hata shuleni tulisoma. Lakini msimu wa baridi usiku ukiwa mtulivu hauna mawingu, hewa baridi ambayo ni nzito inateremka na kutuama chini bondeni, halafu hewa ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Matokeo yake mji unakaa siku nzima, mara nyingine wiki nzima, kwenye ukungu na moshi wa magari na viwanda, mfano mzuri ni Salt Lake City kule Marekani ambako hewa huwa mbaya mpaka watu wanashauriwa wasifanye mazoezi nje. Na ukipanda kidogo tu unatoboa ule ukungu, unatokea kwenye jua kali, anga ya bluu, na kuna joto kuliko ulikotoka! Wenyeji wanalijua hili, wakiona bondeni kumejaa kijivu hawalalamiki, wanafunga kamba za buti. Mgeni anaangalia dirishani anasema leo hali ya hewa mbaya anawasha TV.

Na huo mwanga wa juu siyo wa mchezo. Ofisi ya kawaida ina mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500 hivi. Nje mchana, hata mawingu yakiwa yametanda, unapata maelfu, na theluji mpya inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, kwahiyo unamulikwa kutoka juu na kutoka chini. Tangu 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake walipoeleza ile hali ya watu kushuka moyo kila msimu wa giza, tiba mojawapo imekuwa kumkalisha mgonjwa mbele ya taa kali. Sasa mtu ambaye mlima uko dakika ishirini kutoka kwake anayo taa hiyo bure, na haimkalishi kwenye kiti. Sisemi mlima unatibu kila kitu, kuna watu wanaumwa kweli na wanahitaji dawa, ila nimewahi kukaa karibu na mlima msimu wa baridi na tofauti kati ya wiki niliyopanda na wiki niliyojifungia ndani ilikuwa inaonekana hata kwa majirani.

Angalizo dogo hapa, miwani. Mionzi ya jua inayochoma inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, jumlisha na ile inayorudi kutoka chini. Macho yanaungua bila wewe kujua, maumivu yanakuja usiku, unahisi kama kuna mchanga ndani ya kope. Hata siku ya mawingu, vaa.

Baridi yenyewe nayo watu wanaiogopa kupita kiasi. Kinachosumbua zaidi ni upepo na unyevu. Nyuzi 10 chini ya sifuri bila upepo unatembea vizuri tu na jaketi umefungua zipu, ila uje upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama ni 20 chini ya sifuri. Na jasho ndo adui wa ndani, maji yanabeba joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwahiyo fulana ya pamba ikishalowa unapopanda, ukisimama kupumzika unaanza kutetemeka. Wazoefu wanaanza safari wakiwa wanahisi baridi kidogo, wanajua baada ya dakika kumi za kupanda watapata moto. Ukiona mtu amejifunika kama mzigo pale mwanzo wa njia, jua atasimama mbele hapo kuvua, na wenzake watamsubiri.

Sasa tuingie kwenye sehemu ambayo mimi naipenda zaidi, theluji yenyewe.

Mtu wa mbali anadhani theluji ni kitu kimoja, nyeupe, imeanguka basi. Kumbe inayolala mlimani ni historia ya msimu mzima imepangwa kwa tabaka, na mtu aliyekuwepo tangu mwezi wa kumi na moja anazijua kwa sababu alikuwa anaziona zinavyoanguka. Chukua beleshi, chimba shimo mpaka upate ukuta wima, halafu sukuma mkono kwenye ukuta huo kuanzia juu. Kwenye theluji laini ngumi nzima inaingia. Ukishuka kidogo ngumi inagoma, vinaingia vidole vinne. Chini zaidi kidole kimoja tu. Halafu penseli. Halafu kuna ganda gumu halipitiki ila kwa kisu, hilo ni la ile wiki mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda usiku. Na chini kabisa karibu na ardhi, ghafla, mkono unazama tena, unatoa konzi ya chembe kubwa zinazong'aa, ukizifinyanga hazishikani, zinamwagika kati ya vidole. Hizo zilitengenezwa mwanzoni mwa msimu wakati theluji ilikuwa nyembamba na usiku una baridi kali, unyevu ukawa unapanda kutoka ardhini kwenye joto kidogo kwenda juu kwenye baridi na kuzibadilisha chembe umbo. Kila kilichoanguka baadae kimekaa juu ya hizo chembe zisizoshikana. Ukikanyaga sehemu kama hiyo tambarare unaweza kusikia kishindo kizito chini ya miguu, vumph, na theluji yote inashuka kidogo mara moja. Hiyo sauti ukiisikia usijadiliane na mtu, toka hapo na ukae mbali na miteremko.

Maana hapo ndo tunakuja kwenye maporomoko ya theluji. Miteremko ya hatari zaidi ni yenye mwinuko wa nyuzi 30 mpaka 45, yaani hiyohiyo ambayo ni mitamu kuteleza, bahati mbaya iliyoje. Ulaya wanatumia kipimo kimoja cha hatari tangu 1993, ngazi 1 mpaka 5, na taarifa zinatoka kila siku msimu wa baridi, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos kule Uswisi ni ya zamani sana kwenye kazi hii. Ngazi ya 3 watu wengi wanaisoma kama katikati, kama wastani, wakati ukweli hatari inaruka kila ukipanda ngazi moja, haiongezeki taratibu, na vifo vingi vinatokea hapo kwenye 3 kwa sababu kwenye 4 na 5 watu wanaogopa wanabaki nyumbani. Na kwenye ajali za watu waliokwenda kujifurahisha, takriban mara 9 kati ya 10 poromoko linaanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake wa kundi. Mlima haukumvizia mtu. Ukifukiwa, ukitolewa ndani ya robo saa ya kwanza nafasi ya kupona imekuwa ikihesabiwa karibu 9 kati ya 10, utafiti mpya wa Uswisi unaushusha muda huo mpaka dakika 10, baada ya hapo inaporomoka vibaya. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Wanaofika ni wale uliotoka nao, kama wana kifaa cha redio cha kutafutia kwenye mawimbi ya kilohezi 457, ufito mrefu wa kudunga kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi, na kama walishafanya mazoezi ya kuvitumia siku ambayo hakuna aliyefukiwa.

Kwahiyo mkaazi wa karibu yuko salama zaidi, si ndiyo? Hoja yangu ya kuahirisha si inamlinda?

Hapa lazima niwe mkweli maana hoja yangu ina tundu. Mmarekani mmoja Ian McCammon alichambua ajali 715 za maporomoko za Marekani kati ya 1972 na 2003, akitafuta kwa nini watu wenye mafunzo wanakufa sehemu ambazo dalili za hatari zilikuwa wazi. Moja ya mitego aliyoitaja ni mazoea. Makundi yenye mafunzo mazuri yakiwa kwenye mteremko yanaoujua yalijiweka hatarini karibu sawasawa na watu wasio na mafunzo. Yaani ile elimu yote inafutika ukishafika kwenye mteremko wako wa kila siku, kwa sababu jana ulipita, mwaka jana ulipita, na haikutokea kitu. Mtego mwingine ni uhaba, ule wa kukimbilia theluji mpya kabla wengine hawajaiharibu, na nani anaujua huo kuliko mwenyeji anayeamka saa kumi na moja alfajiri baada ya usiku wa theluji nzito?

Kwahiyo mgeni anasukumwa na hela aliyolipa, mwenyeji anasukumwa na mazoea. Wote wanaweza kuishia chini ya theluji ileile. Tofauti ni kwamba mgeni hana namna, likizo ikiisha imeisha, ila mwenyeji kuahirisha hakumgharimu, ni yeye tu aamue kuahirisha. Nafasi anayo, siku nyingine atakumbuka kuitumia na siku nyingine hatakumbuka. Mimi ningewashauri wenyeji wajilazimishe kusoma ile taarifa ya kila siku kana kwamba ni wageni, tena kwa sauti, mbele ya wenzao, kabla hawajawasha gari.

Na isieleweke kwamba raha ya mlima wakati wa baridi ni lazima iwe kwenye miteremko mikali. Hii ni dhana iliyoletwa na biashara ya likizo. Inasimuliwa kwamba 1864 mwenye hoteli mmoja St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwawekea dau wageni wake Waingereza wa kiangazi warudi wakati wa baridi, wasiporidhika atawalipia safari. Wakaja, wakaridhika. Michezo ya Olimpiki ya baridi ya kwanza ikafanyika Chamonix 1924. Mwaka 1936 kule Sun Valley, Idaho, ikafungwa lifti ya kwanza ya viti, na mhandisi wake James Curran alichukua wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, akaondoa kulabu za ndizi akaweka viti vya watu (huwa nacheka kila nikiwaza hili, matajiri wote wale wakiwa wananing'inia kwenye mtambo wa ndizi). Kuanzia hapo mlima wa baridi ukawa kitu cha kupandishwa na kuteremka, kupandishwa na kuteremka, kwa tiketi.

Ila skii zenyewe ni za zamani mno kuliko hayo yote. Kwenye barafu ya Digervarden huko Norway ilipatikana skii moja 2014, ikakaa miaka saba peke yake, halafu 2021 barafu ikayeyuka zaidi ikatokea mwenzake, jozi kamili ya miaka kama 1,300 iliyopita, na sehemu za kufungia mguu bado zipo, na imefanyiwa matengenezo. Mtu alizichakaza akazirekebisha akaendelea nazo. Huyo hakuwa kwenye likizo, alikuwa anawinda au anaenda kwa watu, akikutana na mteremko mzuri njiani nadhani alifurahi vilevile. Watu wanaokaa karibu na mlima wanarudi taratibu kwenye matumizi ya namna hiyo bila kujua. Kutembea tu msituni na viatu vipana vya theluji. Kubandika ngozi chini ya skii, zile zenye nywele zinazolala upande mmoja, mbele zinateleza na nyuma zinashika, ukapanda polepole bila foleni ya lifti. Kumvuta mtoto kwenye sleji mpaka kibandani mkanywa kitu cha moto kwenye chupa mkarudi. Haya mambo hayafai kwa mtu mwenye siku sita tu, atajiona amepunjwa.

Sasa kuna tatizo linakuja na linafanya ukaribu uwe na thamani zaidi, theluji inapungua. Kwenye milima ya Alps, sehemu zilizo chini ya mita 2,000, msimu wa theluji umefupika kwa kama mwezi mmoja kati ya 1971 na 2019. Bolivia walikuwa na Chacaltaya juu ya La Paz, zaidi ya mita 5,300, sehemu ya kuteleza iliyokuwa juu kuliko zote duniani, barafu yake ikaisha kabisa 2009 na lifti ikabaki imesimama kwenye mawe. Mashine za kutengeneza theluji zipo, Olimpiki ya Beijing 2022 karibu mashindano yote ya theluji yalifanyika kwenye theluji ya mashine, ila nazo zinahitaji maji mengi na baridi ya kutosha, hewa ikiwa vuguvugu zile za kawaida hazifanyi kazi. Na wala tatizo siyo jipya, kwenye Olimpiki ya Innsbruck 1964 jeshi lililazimika kubeba theluji kuipeleka kwenye njia za mashindano.

Msimu ukishakuwa na siku chache nzuri zilizotawanyika, anayezipata ni nani? Ni yule anayeweza kutoka Jumatano saa nane mchana kwa sababu usiku imeanguka na kesho itanyesha mvua. Likizo iliyopangwa miezi mitano kabla inageuka kuwa bahati nasibu. Kwahiyo watu wenye uwezo wameshapiga hesabu, wanataka nyumba hukohuko, na hapo ndo ugomvi unaanza. Wananunua, wanakuja wiki tatu kwa mwaka, mapazia yamefungwa miezi iliyobaki, bei zinapanda, na kijana anayeendesha mashine ya kusawazisha njia usiku anapanga chumba bondeni mbali anaendesha gari kwenye barafu kwenda kazini. Uswisi walipiga kura Machi 2012, asilimia 50.6 wakasema nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 kwenye kila halmashauri. Kura chache sana ziliamua, na nyingi ya sehemu za milimani zenyewe zilipinga maana ujenzi ndo ajira yao, kwahiyo usidhani wenyeji wana sauti moja. Mimi ningepiga ndiyo. Nyumba isiyo na mtu haina anayeijua theluji ya mwezi wa kumi na moja.

Halafu kuna suala la kuruhusiwa kupita. Norway wana sheria ya 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, iwe ya nani iwe ya nani, na wakati wa baridi ardhi ikiwa imeganda au ina theluji hata mashambani unapita. Kwingine unaweza kuishi mita mia tatu kutoka mlimani ukakutana na uzio, geti na tiketi ya maegesho, hapo ukaribu unabaki wa kwenye ramani tu.

Miji mingi ya milimani bado inadhani njia ya kupata maendeleo ni tukio kubwa na lifti kubwa. Wapiga kura wa Colorado 1972 waliulizwa kuhusu kutoa hela ya umma kwa Olimpiki ya Denver ya 1976, wakakataa, michezo ikahamia Innsbruck. Walionekana watu wa ajabu wakati ule. Ila ukimuuliza mtu anayefanya kazi kwenye mji wa namna hiyo anataka nini, mara nyingi ni vitu vidogo vya kukera: taa kwenye kilomita tatu za njia, mahali pa kuning'iniza skii kwenye basi, na ratiba. Mji ambao basi lake la mwisho kutoka mlimani linashuka saa kumi na nusu, kabla hata watu hawajatoka kazini, huo umejengewa wageni, meya aseme atakavyo.